Viza ya mwajiri si mtaji wa kudumu

WAFANYABIASHARA wa bati, saruji na nondo wanamjua vizuri mteja ambaye ndugu yake yuko Ghuba. Mteja huyo huchukua mzigo kwa mali kauli, na dhamana yake ni maneno machache tu: "Kaka yuko Dubai." Muuzaji huridhika, kwa kuwa fedha za kaka zimekuwa zikifika kila mwisho wa mwezi kwa miaka mingi.

Hata hivyo, dhamana hiyo ina kasoro ambayo haionekani katika daftari la madeni. Kaka huyo haishi Dubai kwa haki yake mwenyewe. Anaishi kwa kibali kilichoombwa na mwajiri, chenye tarehe ya mwisho, na ambacho mwajiri asipotaka hakiongezwi muda. Kwa kijana wa miaka 28 huo ni usumbufu. Kwa mtu wa miaka 48 ni hatari ya kibiashara, na hapana budi ihesabiwe kama hatari nyingine za soko.

Fedha zinazohusika si kidogo. Kwa hesabu za Benki Kuu ya Kenya, Wakenya walioko nje walituma nyumbani dola bilioni 4.9 hivi mwaka 2024, na Saudi Arabia ni miongoni mwa nchi zinazotoa sehemu kubwa. Biashara nyingi za viwanja, vifaa vya ujenzi na ada za shule katika Afrika Mashariki zinaishi kwa fedha za namna hiyo.

Hesabu ya mwajiri

Katika Falme za Kiarabu kibali cha kawaida cha kazi ni cha miaka 2. Kila kinapokwisha, mfanyakazi hupimwa afya, kikiwemo kifua kikuu, na mwajiri hulipia upya gharama za kibali. Wakati huo ndipo mwajiri hukaa na karatasi na kalamu.

Hesabu yake haimpendelei mtu mzima. Sheria ya Dubai ya 2013 inamtaka mwajiri amkatie mfanyakazi bima ya afya, na bima hupanda bei kadiri umri unavyosogea. Mshahara wa aliyekaa miaka 12 umekwisha kupanda, na kiinua mgongo chake kinaongezeka kila mwaka. Pembeni yupo kijana anayeweza kuanza kwa mshahara wa chini. Mwajiri wa namna hiyo hana haja ya kumfukuza mtu. Anachofanya ni kuacha tarehe ipite.

Kuwait ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2021 ilizuia kuongeza muda wa vibali kwa wageni waliotimiza miaka 60 wenye elimu isiyozidi sekondari. Mwaka 2022 zuio hilo liligeuzwa kuwa ada ya dinari 250 kwa mwaka pamoja na bima ya afya. Watu waliofanya kazi miaka mingi bila kosa walijikuta umri wao umekuwa hoja ya serikali. Oman nayo, Januari 2018, ilisimamisha kwa miezi 6 viza mpya za wageni katika fani 87 ili kuwapisha raia wake.

Uhuru wa kuhama

Wako wanaosema kwamba mambo yamebadilika, na wana hoja. Hadi mwisho wa 2020, mfanyakazi wa Oman ambaye mwajiri hakumpa barua ya kutokuwa na pingamizi alilazimika kukaa nje ya nchi miaka 2 kabla ya kurudi kwa mwajiri mwingine. Tangu Januari 2021 aliyemaliza mkataba hahitaji barua hiyo. Qatar iliondoa sharti kama hilo mwaka 2020. Saudi Arabia, tangu Machi 2021, iliruhusu kuhama baada ya mwaka mmoja bila idhini ya mwajiri, ingawa iliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani, ambao ni wengi miongoni mwa akina mama wa Afrika Mashariki walioko huko.

Mageuzi hayo ni mazuri. Lakini sheria inayomruhusu mtu kuhama haimtafutii mwajiri wa kuhamia. Fundi wa viyoyozi mwenye miaka 49 yuko huru leo kuliko alivyokuwa mwaka 2015, na bado anashindana na vijana. Uhuru huo unamfaa akiutumia mapema, wakati kibali kingali hai na akiwa na miezi kadhaa ya kutafuta. Kibali kikisha kufutwa hupewa muda mfupi wa kupata mdhamini mpya au kuondoka, na ukipita faini huhesabiwa kwa siku. Mwenye haraka hana bei sokoni.

Mfano wa tarakimu

Tuseme fundi huyo amefanya kazi Dubai miaka 12 na hupokea dirhamu 5,000 kwa mwezi. Nyumbani kila mtu anaijua 5,000. Lakini katika mkataba mshahara wa msingi ni 3,000, zilizobaki ni posho za nyumba na usafiri, na kiinua mgongo hukokotolewa kwa mshahara wa msingi.

Sheria inampa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Hizo ni siku 105 na siku 210, jumla 315. Kwa dirhamu 100 kwa siku, anapata dirhamu 31,500. Kwa kuwa dola moja ni dirhamu 3.6725, hizo ni kama dola 8,580. Hayo ndiyo malipo ya mwisho ya miaka 12. Pensheni ya huko ni ya raia. Bima ya kupoteza kazi iliyoanza 2023 hulipa asilimia 60 ya mshahara wa msingi kwa miezi isiyozidi 3, tena kwa aliyeichangia miezi 12 na ambaye hajaondoka nchini.

Kwa upande wa nyumbani hesabu ni kali vilevile. Sheria ya hifadhi ya jamii ya Tanzania inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15, ili mtu apate pensheni ya uzeeni, na umri wa lazima wa kustaafu ni miaka 60. Anayerudi na kuajiriwa akiwa na miaka 45, bila michango ya awali, anaifikia 180 bila kubakiwa na mwezi hata mmoja. Anayerudi na miaka 49 haifikii. Wengi walioondoka vijana na kuacha kuchangia hawajawahi kupiga hesabu hiyo.

Yanayopasa kufanywa

Mfanyabiashara anayekopesha kwa jina la ndugu wa Ghuba ana haki ya kuuliza kibali kinakwisha lini, kama anavyouliza tarehe ya hundi. Deni lisivuke tarehe hiyo. Familia nayo isianzishe ghorofa ya pili kwa mshahara ambao una uhakika wa miezi 7 tu. Nyumba zilizosimama kwenye lenta, nondo zikishika kutu, ni ushahidi wa kutosha.

Kwa mfanyakazi mwenyewe, akishavuka miaka 45 kila kibali kipya kichukuliwe kama cha mwisho. Aanze kuulizia kwingine mwaka mmoja kabla, ahifadhi nakala ya mkataba na hati za mshahara, na sehemu ya kila mshahara iende mahali ambapo haitegemei sahihi ya mwajiri. Hati fungani za Serikali ya Tanzania huanzia shilingi milioni 1, na riba yake haimuulizi mtu umri.

Ghuba imewainua wengi na itaendelea kuwainua. Lakini kibali ni mali ya kupanga, na mpangaji mwenye busara hujenga kwake kabla kodi haijakwisha.