Gari la umeme Goma na Bukavu: shida ni mahali pa kulichaji

Mwenye gari la petroli mjini Goma akikosa mafuta kwenye stesheni, ananunua kwa kadhafi kando ya barabara. Mwenye gari la umeme hana kadhafi wa kumkimbilia. Ndiyo maana swali la kwanza kwa anayetaka kununua gari hilo ni hili: usiku nyumbani kwake umeme unakaa saa ngapi?

Hesabu yenyewe si ngumu. Soketi ya kawaida ya volti 220 inatoa takriban kilowati 2. Betri ya kilowati-saa 40, kama ya Nissan Leaf, ingehitaji saa 18 hadi 20 kujaa kutoka sifuri. Lakini ni wachache wanaomaliza betri yote kwa siku. Anayetembea kilomita 40 mjini anatumia kilowati-saa 6 hadi 8, na soketi hiyo inazirudisha kwa saa 4 hivi. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 ni ya haraka zaidi, ila inavuta ampea 32 peke yake. Waya mwembamba unaogawanywa na nyumba tatu au nne hauwezi kuubeba mzigo huo, utaungua.

Kwa hiyo usiku mmoja unatosha, ikiwa umeme upo. Bukavu, ambako SNEL inategemea mabwawa ya Ruzizi, wakaaji wamezoea kuupata kwa zamu. Goma ina nafuu kwa sababu ya bwawa la Matebe, huko Rutshuru, lililozinduliwa mwaka 2015. Hata hivyo, Januari 2025 mapigano yalipokaribia, mji ulikaa gizani siku kadhaa. Kuwasha jenereta ili kuchaji gari ni kurudi kwenye mafuta yale yale. Na paneli za jua hufanya kazi mchana, saa ambazo gari liko njiani.

Vituo vya umma vya kuchaji haraka, vya kilowati 50, hufikisha betri hiyo asilimia 80 chini ya saa moja au karibu. Kimoja tu kinavuta umeme wa chaja saba za ukutani. Tena kuna plagi: gari la China, la Japani na la Ulaya mara nyingi hazitumii aina moja. Anayeagiza gari lililotumika bila kuuliza hilo anaweza kufika na gari lisiloingia kwenye chaja yoyote.

Ng'ambo ya mpaka, Kigali ilianza na pikipiki. Tangu 2019 kampuni ya Ampersand inawabadilishia wamotari betri iliyokwisha kwa iliyojaa, kwa dakika chache. Mwaka 2021 serkali ya Rwanda iliondoa ushuru wa forodha na TVA kwa magari ya umeme.

Kwa Goma na Bukavu, miji inayobebwa na wamotari, njia hiyo ndiyo inayofaa kuliko zote. Kituo kinachaji betri wakati umeme upo na kuziweka akiba. Ukikatika, motari anaendelea kubeba abiria. Kobalti inayoingia katika betri nyingi za dunia inachimbwa Kolwezi, lakini betri yenyewe itabidi inunuliwe nje kwa dola na kulipiwa ushuru mpakani. Motari anayetafuta versement ya jioni hawezi kuubeba mzigo huo peke yake.