Siti ya Nyuma Tumeilipia

Ukishuka kwenye bodaboda, kitu cha kwanza unafanya nini? Unashika kiuno. Unajinyoosha. Unakung'uta vumbi. Halafu unatoa hela, unalipa, unasema asante.

Asante ya nini?

Nauliza tena: asante ya nini? Ya kuvunjwa mgongo kwa hela yako mwenyewe?

Tumezoea. Balaa letu ndilo hilo, tumezoea. Mbagala, Kimara, Gongo la Mboto, Bunju, kote daladala inatuacha barabarani, na huko ndani kwenye makorongo tunamalizia kwa pikipiki. Mgonjwa ni pikipiki. Mjamzito ni pikipiki. Mtoto wa shule ni pikipiki. Chombo tunachokitegemea kiasi hiki tumekiacha kitutese, na tunakaa kimya kana kwamba tumepewa lifti.

Wewe unayesoma, umewahi kujiuliza kwa nini kila tuta linakupiga kiunoni namna ile? Utasema barabara mbovu. Ni mbovu kweli. Lakini siku moja inama uangalie shokapu za nyuma. Kwenye nyingi ya hizi pikipiki za Kihindi zilizojaa vijiweni, springi imekalia pete yenye ngazi. Fundi akiizungusha kwa spana, springi inakaza au inalegea. Pete hiyo haikuwekwa kwa urembo. Mzigo ukiwa mzito inakazwa, ukiwa mwepesi inalegezwa.

Sasa nenda ukaitazame. Imekazwa mpaka ngazi ya mwisho na imeota kutu hapo hapo! Kwa nini? Kwa sababu jana usiku pikipiki ilipakia mshikaki, na kesho alfajiri itabeba magunia ya mkaa. Wewe wa kilo 60 unakalia springi iliyokazwa kwa ajili ya magunia. Ongeza tairi lililojazwa upepo mpaka halibonyei. Ongeza siti iliyorefushwa ili watu watatu waenee, sponji yake imelala, unakalia bati. Tuta likija, shokapu ni kiuno chako.

Kuizungusha pete ile ni kazi ya dakika chache. Nani kati yetu amewahi kumwomba dereva aende kwa fundi? Tunapanda, tunauma meno, tunashuka. Usiku tunapakana dawa ya kuchua.

Na miguu je? Panda mwendokasi siku yoyote, tazama miguu ya kulia ya abiria wenzako. Kovu. Kovu. Kovu jingine. Yote upande wa ndani wa shavu la mguu, pale pale. Ekzosi hiyo! Pikipiki ilitoka kiwandani na bati la kuikinga, skrubu moja ikalegea, bati likang'olewa, basi, halirudi tena. Mpira wa kikanyagio nao umekwisha, kimebaki chuma kitupu. Mvua ikinyesha, soli inateleza, na mguu ukiteleza unatua wapi? Kwenye bomba la moto. Tunalipuuza kovu hili, lakini muulize mwenye kisukari aliyeungua mguu kidonda chake kilikaa miezi mingapi. (Na tafadhali, acheni kupaka dawa ya meno. Ukiungua, weka mguu kwenye maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20.)

Kuna jambo linanichoma zaidi. Huko India pikipiki hizi zinakobuniwa, kanuni za magari za mwaka 1989 zinamlazimisha mtengenezaji: chombo chenye nafasi ya abiria kiwe na mshikio wa kudumu, kiwe na vikanyagio, na kiwe na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo ya abiria isinaswe. Walifikiria mama zao na sari zao. Mama zetu hawavai kanga? Dada zetu hawavai baibui? Nenda kijiweni kwenu sasa hivi, utafute kinga ya gurudumu. Utaikuta kwenye ngapi? Pindo la kanga likiingia kwenye spoku halisubiri dereva afunge breki. Linamvuta mtu chini na chombo kikiwa mwendoni.

Dereva namlaumu, lakini si peke yake. Jioni ana hesabu ya kupeleka, na hesabu haiulizi kama siti ina sponji. Yuko bosi. Bosi anayetoa pikipiki kwa mkataba, anapokea hela yake kila siku, na tangu ainunue hajakaa siti ya nyuma hata mara moja. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Bosi, kikalie! Panda nyuma, mwambie kijana wako akupitishe kwenye njia anayotupitisha sisi, kisha tuzungumze habari ya hesabu.

Na askari wa barabarani? Leseni anaiuliza. Kofia ngumu anaiuliza. Umewahi kumwona akiinama kutazama kikanyagio cha abiria? Mimi sijamwona.

Nimebaki na wewe, abiria mwenzangu, na wewe sikuachi. Pale kijiweni wamesimama vijana kumi wanakugombania wewe mmoja. Kumi! Nguvu hiyo unaipeleka wapi? Unaitumia kupunguziwa mia mbili tu, basi. Kisha unarukia ya kwanza iliyosogea, ukisema "twende tu, nimechelewa." Unalala usingizi gani huo? Mficha maradhi, kilio humfichua.

Kesho usirukie. Izunguke kwanza. Tazama ekzosi kama ina bati. Kanyaga kikanyagio kwa nguvu, ushike na mshikio uone kama unacheza. Kofia isiyo na mkanda mrudishie. Kisha muulize kwa upole: "Mdogo wangu, shokapu umekaza ngazi ya ngapi?" Akikucheka, usigombane naye. Nenda kwa anayemfuata kwenye foleni, muulize swali lile lile, na useme kwa sauti ili wote kumi wasikie.