Msaada Ukija, Ulizeni Kwanza

Mkulima wa Longonot,

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 maji yalishuka kwa nguvu hapa jirani, Mai Mahiu, yakaua watu makumi kadhaa na kubomoa nyumba. Siku kama hiyo unga na mablanketi hayangoji mkutano. Lakini mambo yajayo baadaye, kama vile kisima, pampu na ghala, yanahitaji shauri.

Fikiri habari ya Kalokol, kando ya Ziwa Turkana. Huko kilijengwa kiwanda cha kugandisha samaki kwa fedha za Norway. Kilifanya kazi siku chache tu, kikafungwa, kwa kuwa gharama ya kugandisha ilizidi faida. Nia ilikuwa njema. Hesabu ndiyo iliyokosekana.

Basi, kabla ya kukubali mradi, ulizeni: Ni nani aliyeuomba? Wafadhili wakiondoka, nani atanunua mafuta na vipuri? Na maji je, yamepimwa? Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi nyingi, iharibuyo meno na mifupa. Heri kupima kabla ya kununua bomba.

Kazi ikianza, chagueni kamati, wake kwa waume, na daftari la fedha lisomwe barazani. Kazi ikiisha, msitie sahihi mpaka mmeyaona maji yakitoka.

Wako wasemao kuuliza ni kukosa shukrani. Sivyo. Mfadhili ataondoka, pampu iliyokufa itabaki shambani kwako.