Sukari ishuke, lakini macho yakaguliwe kwanza

"Sindano ya sukari inapofusha." Familia nyingi zenye mgonjwa wa kisukari zimewahi kuisikia kauli hii, hasa siku mzee anapoandikiwa insulini kwa mara ya kwanza. Anayeisema huwa na mfano mkononi: jirani alianza dawa, akaacha soda, akapunguza ugali, sukari ikashuka kutoka 20 hadi 7 ndani ya wiki chache, kisha macho yakaingia ukungu. Akaamini dawa ndiyo inayomharibu, akaiacha.

Mzazi mwenzangu, insulini haipofushi. Kinachoharibu macho ni sukari iliyokaa juu kwa miaka, mara nyingi ikisaidiwa na shinikizo la damu. Hata hivyo, jirani hakusema uongo. Kuna jambo lilimtokea, na tukilielewa hatutaogopa dawa.

Nyuma ya jicho kuna utando unaopokea picha, unaoitwa retina. Mishipa yake ya damu ni myembamba sana. Sukari ikiwa juu muda mrefu, mishipa hiyo hulegea, huvuja na mingine huziba. Mgonjwa haumwi wala haoni tofauti mpaka uharibifu uwe mkubwa. Ndiyo maana mtu anaweza kushinda akichimba dhahabu Nyarugusu au akilima pamba Kishapu na macho yake yanaharibika taratibu.

Kwa nini yanaweza kusumbua sukari ikishuka?

Sababu ya kwanza ni ndogo. Lenzi ya jicho hubadilika sukari inapopanda au kushuka, hivyo wiki za mwanzo za dawa mtu anaweza kuona ukungu. Hali hii kwa kawaida hutulia yenyewe. Usikimbilie kununua miwani mnadani, maana baada ya wiki chache huenda isikufae tena.

Sababu ya pili inahitaji daktari. Kwa mtu ambaye retina yake tayari imeathirika, kushusha haraka sukari iliyokaa juu miaka mingi kunaweza kuzidisha tatizo kwa muda. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotolewa mwaka 1993, uliohusisha watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, ulionyesha hivyo: katika mwaka wa kwanza, baadhi ya waliodhibiti sukari kwa nguvu macho yao yalizidi kuathirika. Lakini miaka ilivyosonga, kundi hilohilo ndilo lililobaki na macho salama zaidi kuliko wenzao.

Kwa hiyo ukiacha dawa kwa sababu ya miezi michache ya mwanzo, unapoteza faida ya miaka mingi.

Fanya hivi

Omba uchunguzi wa retina kabla dawa hazijaongezwa kwa nguvu au insulini kuanzishwa. Mwenye kisukari cha aina ya pili anatakiwa kuchunguzwa macho tangu siku anapogundulika, kisha walau mara moja kwa mwaka. Kusoma herufi ukutani hakutoshi. Daktari huweka matone yanayopanua mboni ndipo aone nyuma ya jicho. Nenda na mtu wa kukusindikiza na usiendeshe bodaboda siku hiyo, kwa sababu utaona ukungu kwa saa kadhaa.

Anzia kliniki yako ya kisukari au hospitali ya wilaya, uombe rufaa. Kwa mikoa yetu, hospitali kubwa ni Bugando jijini Mwanza na ile ya Kanda iliyopo Chato. Uliza kwanza siku ya daktari wa macho, usije ukalipa nauli na malazi bure. Retina ikikutwa imeathirika, ipo tiba ya mionzi ya leza au sindano, na hufanya kazi vizuri zaidi ikiwahi.

Mweleze daktari wa kisukari majibu ya macho. Ataamua sukari ishushwe kwa hatua gani, na macho yarudiwe kuangaliwa baada ya miezi mingapi. Usijiongezee dozi, usichanganye vidonge na mitishamba, na usifunge kula siku nzima ili "kuikomesha" sukari. Kwa chakula, punguza kiasi pole pole: ugali, wali, hata michembe na matobolwa yetu ni wanga. Soda na vinywaji vya kuongeza nguvu ndivyo vya kuacha kwanza.

Wapo wasiotakiwa kusubiri. Mtoto anayetegemea insulini asikoseshwe hata siku moja. Mgonjwa anayetapika, anayepumua kwa kasi au kulegea na sukari iko juu apelekwe hospitali mara moja, macho yataangaliwa baadaye. Mama mwenye kisukari anayepanga ujauzito achunguzwe macho mapema, na tena mimba ikiingia, kwani ujauzito nao unaweza kuzidisha tatizo la retina.

Ikishuka kupita kiasi

Kwa anayetumia insulini au baadhi ya vidonge, sukari chini ya 4 ni hatari. Dalili ni kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla na kuchanganyikiwa. Mchimbaji anayeshuka kwenye duara bila kula yuko hatarini zaidi. Akoroge vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji anywe, apime tena baada ya dakika 15, kisha ale. Wenzake wa zamu wajue ana kisukari. Aliyezimia asimiminiwe kitu mdomoni. Alazwe ubavu na kukimbizwa hospitali.

Ukiona vidoa vyeusi vinaelea, pazia limefunika jicho, au uoni umepotea ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo. Dawa endelea nayo mpaka daktari aseme vinginevyo.

Wiki hii, kama nyumbani yupo mwenye kisukari, muulize swali moja: mara ya mwisho kuwekewa matone na kuangaliwa nyuma ya jicho ilikuwa lini? Kama hakumbuki, mpangieni siku ya kwenda.