Unapunguza uzito? Usipoteze na misuli

Mgonjwa wa kisukari au wa shinikizo la damu akitoka kwa daktari, mara nyingi huondoka na agizo moja fupi: punguza uzito. Ale nini, ale kiasi gani na afanye mazoezi yapi, anaachiwa ajitafutie mwenyewe. Akifika nyumbani anaanza anavyojua. Asubuhi chai ya rangi, mchana tango na kipande cha tikiti, usiku analala na maji. Baada ya wiki tatu mzani umeshuka na majirani wanamsifia. Yeye anashangaa kwa nini ndoo ya maji aliyokuwa akiibeba bila shida sasa inamshinda.

Anayeshangaa hivyo ana haki. Mzani husema kilo ngapi zimepungua, hausemi zimetoka wapi. Mwili usiopata chakula cha kutosha huchoma mafuta uliyoyahifadhi, lakini pia huvunja misuli. Mafuta yana ghala lake mwilini. Protini haina ghala kama hilo, hivyo mwili ukiikosa kwenye chakula huichota kwenye misuli yenyewe.

Kwa mgonjwa wa kisukari hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu misuli ndiyo inayotumia sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo. Kwa mzee, misuli ikipungua hatari ya kuanguka na kuvunjika mfupa inaongezeka. Na yule anayejinyima kwa muda kisha akarudia ulaji wake wa zamani, uzito unaorudi huwa zaidi ni mafuta.

Kinga ni mbili, na zinafanya kazi pamoja: mazoezi ya nguvu na protini ya kutosha. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walichapisha matokeo ya vijana 40 wa kiume wenye uzito uliozidi. Kwa wiki nne vijana hao walipunguziwa chakula kwa takribani asilimia 40 na kufanyishwa mazoezi makali siku sita kwa wiki. Kundi moja lilipewa protini gramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, lingine gramu 1.2. Kundi la kwanza lilipoteza mafuta kilo 4.8 na kuongeza mwili usio na mafuta kwa kilo 1.2. Kundi la pili lilipoteza mafuta kilo 3.5 na misuli yao ikabaki karibu ilivyokuwa.

Wauzaji wa unga wa protini hupenda kutaja kundi la kwanza. Mimi naomba tuliangalie la pili. Kwa gramu 1.2 tu, pamoja na mazoezi, misuli haikupotea. Tukumbuke pia kwamba hao walikuwa vijana waliosimamiwa na wataalamu, tena kwa wiki nne tu. Mama wa miaka 55 mwenye presha asiige ratiba yao.

Basi kiasi gani? Kwa mtu mzima asiye na tatizo, kiwango cha kawaida ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Anayepunguza uzito huku akinyanyua vyuma, na figo zake ni nzima, alenge gramu 1.2 hadi 1.6. Kwa watu wengi, kuzidisha hapo faida yake ni ndogo. Mwenye unene mkubwa apige hesabu kwa uzito anaoulenga, si ule alionao.

Chukulia mama mwenye kilo 90 anayelenga kufika 70. Anahitaji kati ya gramu 84 na 112 kwa siku. Asubuhi mayai mawili na kikombe cha maziwa ni kama gramu 20. Mchana bakuli la maharage, ugali wa kiasi na mchicha ni gramu 22 hivi. Jioni kipande cha samaki kinachozidi kidogo kiganja chake, na mboga, ni karibu gramu 30. Katikati ya siku mtindi kikombe kimoja na karanga za kujaza kiganja ni gramu 15. Jumla ni 87, na hajanunua kopo lolote. Asiyepata samaki atumie dagaa, ambao wakiwa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Apike kwa mafuta kidogo, kwani kuku wa kukaanga akiongozana na chipsi huurudisha uzito uleule anaoukimbia.

Mazoezi nayo hayadai jimu ya gharama. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Kuinuka na kukaa kwenye kiti mara nyingi, kusukuma ukuta, na kunyanyua madumu ya maji yaliyojazwa kidogo kidogo ni mwanzo mzuri. Uzito ukishuka nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, inatosha.

Sasa onyo, na ndiyo sababu hasa ya makala ya leo. Kisukari na shinikizo la damu ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya ugonjwa sugu wa figo, na ugonjwa huo mwanzoni hauumi wala hauonyeshi dalili. Mtu aliyeambiwa apunguze uzito kwa sababu ya magonjwa hayo ndiye huyohuyo anayeweza kuwa na figo zilizochoka bila kujua. Figo za namna hiyo hazistahimili protini nyingi. Kwa hiyo kabla ya kuongeza, omba vipimo viwili: kreatinini kwenye damu na albumini kwenye mkojo. Ukiambiwa figo zina tatizo, kiasi chako atakipanga daktari. Na unayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari, usipunguze chakula kabla ya kuzungumza naye kuhusu dozi, sukari isije ikashuka kupita kiasi.

Kwa wazazi: kijana wako akianza kuomba fedha za unga wa protini, usimgombeze, keti naye. Kijana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji takribani gramu 0.85 kwa kila kilo, na chakula cha nyumbani kinaweza kumtosheleza. Kijiko cha kipimo cha unga huo kwa kawaida kina gramu 20 hadi 25, sawa na mayai manne. Baadhi ya makopo huwa na vitu visivyoandikwa kwenye lebo. Bado anakua, hivyo asijinyime chakula ili apate umbo la mtu wa kwenye picha. Mazoezi ya nguvu si mabaya kwake, ilimradi awepo wa kumfundisha.

Nawaomba madaktari wenzangu tusiishie kumwambia mgonjwa apunguze uzito. Tumpime figo, tumwandikie gramu zake, tumtajie na vyakula vyenyewe. Wenye jimu nao, kabla ya kumuuzia mtu kopo, wamuulize kama ana kisukari au presha. Nawe msomaji, ukienda kliniki safari ijayo, usiondoke kabla hujauliza swali hili: figo zangu zikoje, na nile protini kiasi gani?