Akili Tuitajayo Kisha Tukaiacha

Waingereza wana neno fupi, nous, nao hulitamka “naus”. Mchezaji ajuaye lini apige pasi na lini autulize mpira husifiwa kwa neno hilo. Mwanasiasa asiyejua wakati wa kunyamaza huambiwa hana. Ni ile akili ya kawaida, isiyotolewa cheti na shule yoyote.

Lakini neno hilo halikuzaliwa uwanjani. Ni la Kiyunani. Zaidi ya miaka 400 kabla ya Kristo, Anaxagoras, mzaliwa wa Klazomenai aliyehamia Athens, alifundisha kuwa hapo mwanzo vitu vyote vilichanganyikana, ndipo Nous, yaani Akili, ikavipanga. Katika kitabu kiitwacho Phaedo, mwanafalsafa Plato anamwonyesha mwalimu wake Socrates akisikia mafundisho hayo yakisomwa kitabuni. Akafurahi mno, akavitafuta vitabu vya Anaxagoras na kuvisoma kwa pupa. Matumaini yakayeyuka! Anaxagoras aliitaja Akili, lakini kila alipotaka kueleza sababu ya jambo alikimbilia hewa, etha na maji. Akili aliiacha mlangoni.

Hapa tusimame kidogo, maana kosa hilo ni letu pia. Nani kwetu asiyesema kuwa akili ni mali? Maneno hayo twayafundisha watoto wangali wadogo. Lakini mtoto huyohuyo akiuliza “kwa nini?” twamwambia anyamaze, akariri kilichoandikwa ubaoni. Mahindi yakioza kwa kuwekwa ghalani na unyevu, twatafuta jirani wa kumsingizia uchawi. Akili tumeitaja, lakini kazi hatukuipa.

Wala tusidhani kuwa habari hii ni ya Wayunani na Waingereza peke yao. Neno letu “akili” tumelipokea kutoka Kiarabu, na ndilo neno walilolitumia wafasiri wa Baghdad katika karne ya 9 kuifasiri nous ya Wayunani. Tena mzizi wake katika Kiarabu wahusu kumfunga ngamia mguu kwa kamba asipotee. Mimi naipenda picha hiyo kuliko maelezo mengi ya wanafalsafa. Kamba hiyo haimfai kitu mwenye ngamia ikiwa imetundikwa ukutani.

Basi, enyi wazazi nanyi walimu, mtoto akiwauliza sababu ya jambo leo, msimfukuze. Mjibuni, na jibu likiwashinda, ketini naye mlitafute pamoja.