Nani Alipie Mashua ya Taka?

Ukiitazama ramani ya Kenya, Kiwayu ni uzi mwembamba wa mchanga baharini, yapata kilomita 50 kaskazini-mashariki ya mji wa Lamu. Hakuna barabara ifikayo huko. Kila kitu kinachoingia kisiwani huingia kwa njia ya maji: unga, soda, saruji, dawa za zahanati. Baada ya vitu hivyo kutumiwa, hubaki chupa, makopo, nepi na mifuko, navyo havina mashua ya kurudi. Upande unaoelekea bahari kuu mambo ni mabaya zaidi. Kusi inapovuma, mawimbi hutupa ufuoni ndara, vipande vya nyavu na chupa zenye maandishi ya nchi za Asia ambazo mvuvi wa Kiwayu hatazikanyaga maishani mwake.

Ndugu msomaji, tumezoea kulitazama jambo hili kama suala la usafi, na suala la usafi humalizwa kwa ufagio. Mimi naliona kuwa suala la serikali: wajibu ni wa nani, fedha ziko wapi, na ni nani wa kuulizwa wajibu usipotekelezwa.

Sote tumeiona ile siku ya kusafisha ufuo. Waheshimiwa hufika wakiwa na fulana mpya, hotuba husomwa, watoto wa shule hutolewa darasani kuokota chupa, na picha hupigwa mbele ya magunia yaliyojaa. Kisha wageni hupanda boti zao na kuondoka, na magunia hubaki. Hayakuandaliwa chombo cha kuyachukua wala mahali pa kuyapeleka. Yakikaa juani miezi michache hupasuka, na upepo huyarudisha yaliyomo pale yalipookotwa. Wanakijiji wakichoka huyachoma, na moshi wa plastiki huingia majumbani mwao. Wakiyazika, mchanga haukawii kuyafukua.

Sisemi haya kuwadharau waliojitolea. Mwishoni mwa miaka ya 1990 akina mama wa Kiwayu na vijiji jirani ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga walianza kuokota ndara zilizoletwa na mawimbi na kuzichonga ziwe vinyago na mapambo ya kuuza. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu waliunda jahazi la Flipflopi kwa plastiki iliyokusanywa, wakalivika ndara zipatazo 30,000, na mwanzoni mwa 2019 jahazi hilo likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Kazi hizo zimeifundisha dunia. Hata hivyo, jahazi moja haliwezi kuwa idara ya kuzoa taka, na mama anayechonga ndara hakuapishwa kuitumikia kaunti. Hisani nayo ina miguu. Septemba 2011 watalii wawili Waingereza, mume na mke, walishambuliwa katika eneo la Kiwayu; mume akauawa na mke akatekwa nyara. Watalii waliikimbia pwani ile. Kijiji kinachotegemea wageni kukisafishia ufuo hubaki bila huduma siku wageni wanapokimbia.

Wala watu wa visiwa hivi hawahitaji kufundishwa usafi na mtu kutoka Nairobi. Katika nyumba za mawe za Lamu, birika la chooni lilifugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, karne nyingi kabla ya Wizara ya Afya kuzaliwa. Taka za zamani zilikuwa makumbi ya nazi, majivu, mifupa ya samaki na makombe, na ardhi ilizimeza. Kilichobadilika ni taka zenyewe, na waliozibadilisha wako mbali na Kiwayu. Mwaka 2017 Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja zimekatazwa katika hifadhi na fukwe zilizolindwa. Ni hatua njema. Lakini amri ya Nairobi haiyazuii mawimbi, na katazo peke yake haliondoi kilichokwisha kufika.

Sasa tuitazame sheria. Wazee watakumbuka kwamba mwaka 1969 Bunge lilipitisha sheria iliyozinyang'anya halmashauri za wilaya elimu ya msingi, afya na barabara, na kuvirudisha vyote mikononi mwa Serikali Kuu. Tangu hapo diwani wa kisiwani akawa mwombaji wa kudumu: hana kodi ya maana ya kukusanya, na bajeti yake husubiri idhini ya Waziri. Ilikuwa rahisi kumlaumu, na haikuwa haki. Wengi waliopigania mabadiliko katika miaka ya tisini walikuwa na jambo hilo moyoni, ingawa majukwaani tulisikia zaidi habari za vyama na urais.

Katiba ya 2010 iliufuta udhuru huo. Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, linaitaja kazi ya kuzoa taka, majaa na utupaji wa taka ngumu kuwa kazi ya serikali ya kaunti. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Hakikusema kila mtu aliye karibu na lami. Kifungu cha 174 kinataja miongoni mwa malengo ya ugatuzi kulinda maslahi ya jamii zilizotengwa, na kufikisha huduma karibu na wananchi kote nchini. Kisha ikaja Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, ambayo inaitaka kaunti iweke mazingira ya kifedha na ya kiutendaji yatakayowezesha kazi hiyo kufanyika, inataka taka zitenganishwe pale zinapozalishwa, na inambebesha mzalishaji sehemu ya mzigo wa bidhaa yake.

Udhaifu wake, nionavyo mimi, ni kwamba sheria hiyo inasomwa na maofisa waliozoea lori. Bajeti ya taka huandikwa kwa magari, madereva na makontena ya mjini. Huko Kiwayu, Ndau au Kizingitini lori ni hadithi tu. Kinachohitajika ni mashua, nahodha na petroli, na ikiwa neno "mashua" halimo katika kitabu cha bajeti, basi huduma ya taka kwa visiwa hivyo haimo, hata kama fungu la taka la kaunti ni nono namna gani.

Tutaambiwa kwamba watu ni wachache na gharama ni kubwa. Hoja hiyo nimeisikia ikitumiwa dhidi ya shule na zahanati pia, na haijawahi kutumiwa dhidi ya kura za watu hao hao. Lakini tuijibu kwa hesabu. Maganda, majivu na mabaki ya chakula yakitenganishwa na kurudishwa shambani, kinachobaki ni chepesi: chupa, makopo, plastiki. Mashua zinazoleta bidhaa kutoka mjini mara nyingi hurudi na nafasi. Kaunti ingeweza kufunga mkataba na manahodha hao hao, ikawalipa kwa kila gunia linalofika gati la Mokowe, mahali barabara inapoanzia na wanunuzi wa chupa kuu kuu wanapoweza kufika kwa gari. Halihitajiki jengo la mamilioni wala safari ya mafunzo ng'ambo. (Huenda hiyo ndiyo sababu mpango wa namna hii haumpendezi mtu.)

Je, mwananchi aseme wapi? Kalenda iko katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha hufuata kabla ya tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Watu wetu hualikwa Aprili, wakati mikate imekwisha gawanywa. Jambo la kupigania ni Septemba. Zaidi ya hayo, sheria hiyo imeunda Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, na miongoni mwa wajumbe wake wasio maofisa imewatengea nafasi wawakilishi wa makundi ya kidini. Misikiti ya visiwani na makanisa ya Lamu bara wana kiti halali mezani. Ni wangapi kati yetu wanamjua anayekikalia, au wamewahi kumtuma na neno? Sisi wa makanisa tunakisoma kitabu cha Nehemia kila tunapotaka kujenga jengo jipya. Turudie sura ya tatu: hata lango la jaa liliandikiwa mjenzi wake kwa jina, naye alikuwa mtawala wa wilaya.

Mahakama nazo zimekwisha kuonyesha kwamba sauti ya Lamu ina uzito. Mwaka 2018 Mahakama Kuu huko Malindi iliamua kwamba wavuvi walioathiriwa na ujenzi wa bandari walipwe fidia. Juni 2019 Mahakama ya Mazingira ya Kitaifa ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kuhusu haki ya mazingira bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna aliyepata hasara au madhara.

Lakini kesi haianzii mahakamani. Wazee, akina mama na vijana wa kijiji waandike barua moja kwa waziri wa kaunti anayehusika na mazingira, wakiuliza mambo matatu: ni kiasi gani kilichotengwa mwaka huu kwa kuzoa taka katika wadi yao, kimetumika wapi, na ni mashua gani iliyokodiwa. Waweke sahihi zao, na nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Kifungu cha 35 kinawapa haki ya kupata habari hizo, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa ofisa siku 21 za kujibu. Akija kuwajibu kwa mdomo barazani, wamshukuru na kumwomba aandike. Barua yake, au nakala ya barua yao isiyojibiwa, ndiyo kielelezo cha kwanza ambacho wakili wao atakihitaji.